Hotuba ya baba iliyorudi mfukoni

Baba aliomba maji ya kunawa. Kijana mhudumu akaitikia kwa adabu, akaondoka, akarudi na chupa mbili za maji ya kunywa yenye gesi na glasi sita. Akazifungua zote mbili kabla hatujasema neno. Baba alizitazama, akanitazama mimi, kisha akanyanyuka kwenda kutafuta bomba mwenyewe. Kwenye bili kila chupa ilisomeka shilingi 9,000.

Ndivyo ilivyoanza sherehe ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi wangu, na mahali nilipachagua mimi. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namsukumia mtu mwingine lawama.

Mwezi mmoja kabla, kwenye kundi letu la WhatsApp, mdogo wangu anayenifuata, fundi seremala wa Mbagala, alipendekeza tununue mbuzi tukale nyumbani kwa wazazi, Tabata. Nilimkatalia. Niliandika kwamba mama amepika miaka 40, siku hiyo asishike hata mwiko. Hoja ilikuwa nzuri, wote wakanyamaza. Ambacho sikukiandika ni kwamba kuna mahali Masaki, kando ya bahari, ambako wenzangu wa ofisini walikuwa wameshapiga picha karibu wote, nami bado. Nikapanga michango: mimi 250,000, yeye 150,000, kitinda mimba yuko chuo, asitoe kitu. Mdogo wangu alijibu kwa kidole gumba tu.

Tulipofika, mhudumu alitukaribisha kwa Kiingereza. Mama amezoea kijana wa umri ule amwamkie, kwa hiyo akajibu "marahaba" hivyo hivyo. Kijana akacheka, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mama." Nikikumbuka vizuri, hapo ndipo mahali pekee tulipocheka wote sita usiku ule.

Mama husoma menyu kwa kuanzia upande wa bei. Alipomaliza akaniambia hana njaa sana, supu itamtosha. Nikamlazimisha kuku. Baba aliuliza ugali, akaambiwa hakuna, akaagiza samaki. Kilikuja kipande cheupe kidogo, kimewekwa juu ya viazi vilivyopondwa, na mchuzi wa kijani umechorwa kukizunguka kama mtoto aliyepewa rangi. Baba akakigeuza kwa uma, akauliza, "Kichwa wamempelekea nani?" Nyama ya mume wangu ilikuwa bado nyekundu katikati, mama akageuzia uso baharini. Ikarudishwa jikoni, ikaja ngumu.

Sisemi chakula kilikuwa kibaya. Keki ya mwisho mama aliipenda, na wahudumu hawakuwa na dharau hata kidogo. Wapo watu waliokuwa wanafurahi mle ndani, tena sana, meza ya jirani walikuwa wanapigana picha na kuimbiana. Ila spika ya muziki ilikuwa juu ya kichwa cha baba, na chakula kilichelewa. Tulikuwa tumeweka nafasi ya saa moja jioni, sahani zikafika inakaribia saa mbili na nusu.

Baba alisubiri tumalize kula. Kisha akakohoa, akavaa miwani, akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi mbili zilizokunjwa. Hakuna aliyejua kama amejiandaa, hata mama. Mzee wangu alikuwa karani wa reli, jambo lolote la maana kwake lazima liandikwe.

"Wanangu," akaanza. Muziki ukammeza. Akaanza tena, kwa sauti ya juu zaidi: mwaka 1984, alipomuoa mama yenu kule Tabora, sukari ya chai ya wageni waliipata kwa kibali. Watu wa meza ya jirani wakageuka. Akashusha sauti, nasi tukainamisha vichwa kumsogelea. Hapo ndipo yule kijana aliponiinamia sikioni, kwa upole kabisa, akaniambia meza yetu ina wageni wengine saa tatu, je, alete bili?

Ningeweza kumwambia asubiri. Mzee anaongea, subiri, basi. Sijui niliogopa nini. Nilisema, "Lete."

Baba alisikia. Akazikunja karatasi zake vizuri, kwa mikunjo ile ile, akazirudisha mfukoni na kuvua miwani.

Bili ilikuwa 410,000. Kumbe bei za kwenye menyu hazikuwa na kodi, na hilo limeandikwa chini kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Asilimia 18 ya VAT, juu yake asilimia 10 ya huduma, jumla 524,800. Mdogo wangu akasema anatoka nje kupokea simu. Hakuna simu iliyokuwa imeita. Nilimfuata nikamkuta anaongea na mtu wa Mbagala, anamwomba amtumie chochote. Nilimrudisha ndani kwa mkono, mume wangu akamalizia kilichopungua.

Baadaye shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ndiye aliyeniambia kuwa ile 150,000 ilikuwa malipo ya awali ya kitanda cha mteja. Usiku ule ule nikamrudishia kwa simu. Asubuhi zikarudi kwangu zote, na makato akayalipa yeye.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Tabata na nyama kilo tatu. Tulikula mkekani, baba akanawa maji ya birika. Tulipomaliza nikamwambia, baba, sasa tusomee ile hotuba. Alikuwa anachokonoa meno, akaendelea mpaka nikadhani hakunisikia.

"Ile ilikuwa ya siku ile," akasema.

Mama alinisindikiza mpaka kituoni. Habari ya sukari anaifahamu, aliniambia, alikuwepo. Alitaka kujua kama mimi, niliyekuwa nimekaa karibu na baba, niliona chochote kwenye karatasi ya pili.

Sikuona.