Uhuru Uliolipiwa na Mke

Mtu anaweza kuacha kusali na asiache mfumo dume. Hilo nimejifunza hapa Iringa, miongoni mwa watu ninaowapenda: walimu, watumishi wa afya na wanafunzi wa vyuo tunaokutana kuzungumza yale ambayo nyumbani hayazungumziki. Wengi wetu tumelelewa kanisani, wachache madrasa. Tunajadili miujiza, ushirikina na asili ya binadamu, na mkoa wetu unatupa pa kuanzia, kwa kuwa Isimila, umbali wa kilometa kama 20 kutoka mjini, kumelala zana za mawe zilizochongwa na watu walioishi mamia ya maelfu ya miaka kabla ya kitabu chochote kitakatifu kuandikwa.

Katika mikutano hiyo nimesikia mara nyingi wanaume wakiwashangaa wanawake: mbona mnang'ang'ania kanisa? Mnaogopa nini? Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na wa imani. Hata sensa haijatuuliza dini zetu tangu ile ya mwaka 1967. Kwa sheria tuko sawa kabisa.

Ila mazishi hayaendeshwi na katiba. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, msomi asiyeficha kwamba haamini, alifiwa na mama yake. Kabla jua halijachwa, akina mama wa jumuiya ya kanisa walikwisha kuingia na masufuria yao, gunia la mkaa, maharage na unga. Walifagia uwanja, wakapika, wakaimba usiku kucha, na asubuhi wakamsindikiza marehemu kaburini. Walikuja kwa sababu mke wa mwenzetu hakosi jumuiya. Kila wiki ndiye anayekwenda kusali kwa zamu katika nyumba za wenzake, anatoa mchango, anawahi misiba ya wengine. Mumewe miaka yote hiyo alikuwa akituambia kwamba kanisa halina faida kwake.

Pale msibani nilielewa jambo ambalo vitabu vya wasioamini havikunifundisha. Uhuru wa yule bwana ulikuwa umelipiwa na mahudhurio ya mkewe. Mwanamume akiacha ibada, watu husema ana mambo mengi, siku moja atarudi. Mwanamke akiacha, nyumba nzima imeacha. Wataulizana watoto watabatizwa na nani, binti atachumbiwa wapi, na siku ya msiba nani atasogeza jiko. Kwa hiyo tunapomwona mwanamke aliyebaki kanisani tukamwita mwoga, pengine tunamtukana mtu anayetutunza.

Jambo la pili nililoliona linahusu ushahidi. Dada mmoja, muuguzi, alilalamika kwamba mwanakikundi fulani humtumia ujumbe usiku baada ya mikutano, na amekwisha kumwambia hataki. Papo hapo akaulizwa: una ushahidi? Akatoa simu, ujumbe ukasomwa. Wakasema huenda ni utani. Kabla ya mwezi kwisha ukazuka uvumi kwamba dada huyu alikuja kikundini kutafuta bwana, na uvumi huo hakuna aliyeuombea ushahidi. Ulipita mdomo hadi mdomo kwa watu walewale wanaojisifu kwamba hawaamini jambo hadi walipime. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ugonjwa huu si wa Iringa peke yake. Juni 2011, baada ya mkutano wa kimataifa wa wasioamini uliofanyika Dublin, Mmarekani Rebecca Watson alieleza jinsi mwanamume asiyemfahamu alivyomfuata ndani ya lifti saa kumi alfajiri na kumkaribisha chumbani kwake. Alichosema Watson ni maneno machache tu: jamani, msifanye hivyo. Akamiminiwa matusi kwa miaka. Richard Dawkins, mwanabaiolojia maarufu, alimkejeli kwa kulinganisha shida yake na mateso ya wanawake katika nchi za Kiislamu, na hadi Agosti 2014 ndipo alipoomba radhi kwa ulinganisho huo. Watu waliojivunia akili walishindwa kumsikiliza mwanamke aliyetaka kuachwa apumzike.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa tunajua shaka inayomwangukia mwanamke huishia wapi. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho yao mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, ilhali ni moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Sisi kikundini tunalia juu ya ujinga huo, na tunafanya vizuri kulia. Lakini mzizi wake tunaufahamu: neno la mwanamke kuwa jepesi, na neno juu ya mwanamke kuwa zito. Mzizi huo ukiota kwetu, hatuna cha kuwafundisha wa Shinyanga.

Yapo tuliyobadilisha, na ninayaandika kwa furaha. Zamani tulikutana usiku, kwenye nyama choma, na mwezi Juni baridi ya Iringa ikishuka, dada aliyekaa mbali alikuwa na mawili: aondoke mjadala haujaiva, au amtegemee mwanamume wa kumrudisha. Sasa tunakutana Jumamosi mchana, watoto wanakuja, na chai inaandaliwa kwa zamu bila kujali jinsia. Malalamiko yanapokelewa na watu wawili, mwanamke na mwanamume, na uvumi unapimwa kama tunavyopima muujiza. Muhimu zaidi, tumeanzisha mfuko wa misiba, ili asiyeamini asizikwe kwa mgongo wa mkewe, na mwanamke anayetaka kuacha ibada ajue kuna watu watakaokuja na masufuria. Mfuko bado mdogo, ila tangu uanze, akina dada wanaokuja wameongezeka, na wanabaki.

Nimejifunza kwamba watu hawakai mahali kwa sababu ya hoja pekee. Wanakaa wanapoheshimiwa na wanapozikwa. Dini zimelijua hilo tangu zamani, na wanawake ndio walioibeba kazi hiyo bila kushukuriwa. Vijana wa Mbeya, wa Njombe na kwingineko mnaoanzisha vikundi vya namna hii, kabla hamjajadili kama Mungu yupo, waulizeni dada zenu kutoamini kunawagharimu nini, kisha gawaneni gharama hiyo sawasawa.