Aulizwe Kwanza, Ndipo Akabidhiwe Mtoto

Mama mwenzangu, msichana wa kazi humpokei nyumbani mpaka umeuliza alikotoka. Mbona basi hatuulizi habari za mshauri nasaha atakayeketi na mtoto wako wakiwa wawili tu? Mtoto anayepelekwa huko huenda amefiwa, amepigwa, au ameacha kusema. Siri zake zote anamkabidhi mtu huyo mmoja.

Katika kazi yangu ya uuguzi nimewaona watoto wa namna hiyo. Kwa hiyo tulipopanga kuanzisha ushauri wa watoto kanisani kwetu, niliomba kila anayejitolea achunguzwe, nikiwamo mimi. Wengine waliudhika. “Lakini watu hawa tunawajua,” walisema.

Jimmy Savile naye alijulikana. Alikuwa mtangazaji maarufu wa Uingereza aliyezichangishia hospitali fedha. Katika Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili, alipewa hata funguo za wodi. Alifariki mwaka 2011 bila kushtakiwa. Mwaka 2014, uchunguzi wa hospitali ya Leeds ulitaja watu 60 waliosema aliwadhulumu huko, wa umri wa miaka 5 hadi 75. Baadhi yao waliwaambia wafanyakazi siku zile zile, ila habari haikufika kwa wakuu.

Hapa Kenya tunaweza kudai cheti cha maadili mema, kinachotolewa na DCI baada ya kuchukua alama za vidole. Tena, iko sheria ya mwaka 2014 ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Dai vyote viwili, cheti na usajili.

Hata hivyo, cheti huonyesha yaliyoandikwa polisi tu. Savile, ambaye hakuwahi kushtakiwa, angekipata. Kwa hiyo wapigie simu waliomwajiri zamani. Uliza: Kwa nini aliondoka? Mngemrudisha kwa watoto? Ushauri ufanyike mahali ambapo watu wazima wanaweza kuona, hata kama hawasikii. Na mtoto akikataa kurudi kwa mtu fulani, keti naye umsikilize kabla hujamkemea. Muuguzi au mwalimu akiambiwa jambo, alipeleke mbele siku hiyo hiyo.

Mtu mwema hapungukiwi na kitu kwa kuulizwa. Mimi nilipochukuliwa alama za vidole, wino ulitoka kwa maji na sabuni. Jeraha la mtoto halitoki hivyo.