Macho ya Mtoto Mchanga

Kwa muda mrefu wenye elimu walimdhania mtoto mchanga kuwa kipofu mwenye macho. Ilinenwa kwamba hukodoa tu, na kwamba nuru humwingia kama maji yaingiavyo mtungini bila ya mtungi kujua. William James, mwanachuoni mashuhuri wa Marekani, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nafsi kilichotoka mwaka 1890, aliifananisha dunia ya mtoto huyo na vurugu moja tupu isiyo mwanzo wala mwisho. Akina mama aghalabu hawakukubali, walakini ushahidi wa mama ulihesabiwa kuwa ni mapenzi, si elimu.

Taabu ilikuwa katika namna ya kuuliza. Mtoto wa siku tatu hasemi, haonyeshi kwa kidole, wala hawezi kunyosha mkono akatwaa atakacho. Kilicho chini ya amri yake ni kidogo sana, na katika hicho kidogo yamo macho. Robert Fantz, wa Chuo Kikuu cha Western Reserve katika mji wa Cleveland, alikuwa amekwisha kuchungua vifaranga wa kuku na vitu wapendavyo kudonoa, akaona kuwa na mtoto wa binadamu anaweza kuulizwa vivyo hivyo. Alitengeneza kijumba kidogo. Mtoto alilazwa chali ndani yake, juu yake zikawekwa picha mbili, na kati ya picha hizo palikuwa na tundu la kuchungulia. Aliyechungulia hakushughulika na picha, alitazama mboni. Kivuli cha picha kilipoonekana kimeifunika mboni, ilijulikana kuwa picha hiyo ndiyo itazamwayo, na muda wake ukahesabiwa kwa sekunde.

Hila yenyewe ni nyepesi kiasi cha kuchekesha, lakini majibu yake yalikuwa mazito. Mwaka 1963 Fantz alitangaza kwamba watoto wasiozidi siku 5 walitazama picha ya uso, kipande cha gazeti, na duara zilizomo ndani ya duara, kwa muda mrefu kuliko walivyotazama visahani vitupu vya rangi nyekundu, nyeupe au manjano. (Yamkini hakuna mhariri aliyepata kuwa na wasomaji wachanga kuliko hao.) Mwaka uliofuata alionyesha jambo jingine: picha moja ikirudiwa mara kwa mara, mtoto aliyepita miezi miwili huichoka, akaigeukia iliyo mpya. Kuchoka huku kuna thamani kubwa. Asiyekumbuka hawezi kuchoka. Amwonaye mgeni hana budi kuwa amemtambua mwenyeji.

Haina maana kuwa mtoto huzaliwa na macho ya mtu mzima. Vitu vya mbali kwake ni ukungu; huona vizuri zaidi vilivyo karibu, kadiri ya umbali wa kutoka ziwani mpaka usoni mwa mama. Katika mwezi wa pili jicho lake hunaswa: likikiangukia kitu chenye kung'aa hushindwa kubanduka, hata pengine mtoto hulia huku angali anakitazama. Ifikapo miezi mitatu au minne fundo hilo hulegea, naye hupata uhuru wa kuacha hiki na kushika kile. Kabla ya mwaka kutimia huweza hata kufuata macho ya mwenziwe, akatazama kule mama atazamako. Na hapo ndipo jina la kitu na kitu chenyewe huanza kukutana.

Juu ya maana ya mtazamo mrefu wenye elimu wangali wakishindana. Wako wasemao ni mshangao, wengine husema ni kupenda, wengine ni kazi ya akili isiyokwisha. Ni haki washindane, maana jicho hutoa habari bila ya kutoa maelezo.

Lakini liko jambo ambalo haliwezi kungoja mashindano hayo. Baadhi ya watoto huzaliwa na mtoto wa jicho, jina la ajabu kwa ugonjwa unaomnyang'anya mtoto macho yake. Huko Canada, Daphne Maurer, Terri Lewis na wenzao walipima watoto wa namna hiyo waliotibiwa na kuvalishwa lenzi. Mwaka 1999 walitangaza kwamba mara lenzi zilipovaliwa, watoto hao, hata wenye umri wa miezi kadhaa, waliona kama wazaliwa wa jana; na saa moja tu ya kuona ilitosha kuonyesha nafuu. Mwaka 2001 ikaja habari ya pili, isiyofurahisha. Waliokosa kuona katika miezi ya kwanza walipimwa baada ya zaidi ya miaka 9 ya kuona. Waliweza kupambanua nyuso kwa umbo la macho au la kinywa, lakini walipotakiwa kupambanua nyuso zilizotofautiana kwa nafasi iliyo kati ya jicho na jicho, au kati ya macho na kinywa, waliwapungukia wenzao.

Kwa hiyo daktari amulikaye taa katika macho ya mzaliwa hafanyi desturi tupu. Mboni nzima huirudisha nuru ile kwa wekundu. Yenye mtoto wa jicho huonyesha kivuli au weupe, na tangu hapo kila wiki ipitayo huhesabiwa.