Maneno Haya Umeyatoa Wapi?

Watoto wetu wa Chuo Kikuu wanapomaliza masomo, hupaswa kuandika kazi kubwa. Kijana akinakili maneno ya mwingine bila kumtaja, amefanya nini? Amevuna shamba asilolilima.

Namna ya kutaja si ngumu. Maneno tuliyoyachukua kama yalivyo, tunayafunga katika alama zake. Kisha chini ya ukurasa tunaandika jina la mwandishi, jina la kitabu, mji kilimopigwa chapa, mwaka, na ukurasa wenyewe. Kitabu kilekile kikifuata mara moja, neno moja la Kilatini latosha: ibidem, maana yake, mahali palepale.

Je, maneno ya wazee yasiyoandikwa? Nayo yana mwenyewe. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi kwa Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, alitoa mwaka 1961 kitabu De la tradition orale. Alionyesha ya kuwa habari ya kale hupita toka shahidi hata shahidi, na anayeipokea yampasa kuwapima wote. Basi tuandike: nani alituambia, katika kijiji gani, siku gani. Mzee akifa kesho, nani atajua kama habari ilikuwa yake, ama tuliibuni sisi?

Kutaja jina hakupunguzi akili yetu. Humwonyesha msomaji njia, aende mwenyewe kuangalia kama tumesema kweli.

Wazazi, mtoto akileta kazi yake nyumbani, tusihesabu kurasa tu. Tumwulize: maneno haya umeyatoa wapi?