Malazi ya Msafiri wa Mahale

Msafiri atokaye Kibondo kwenda kuwaona sokwe wa Mahale hupitia Kasulu, na busara humshauri alale hapo. Nyumba za wageni za mji ule hazina fahari: kitanda, chandarua, ndoo ya maji na blanketi, ambalo baridi ya nyanda za juu hulifanya kuwa na thamani kuliko zulia. Wilaya hiyo imezoea wageni. Tangu 1996 iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na baadaye ikawapokea Warundi wengi. Mgeni mwenye fedha hulipia usiku mmoja akaona godoro gumu. Mgeni mkimbizi huzaa na kulea mahali alipodhani atalala siku chache.

Kutoka Kigoma safari hufuata ziwa. Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985, ina kilometa za mraba 1,613, na ndani yake hakuna barabara. Hutembelewa kwa miguu. Ufukweni mna vibanda na kambi za mahema, nyingine za bei ya kutisha. Juu yake husimama Nkungwe, kimo cha meta 2,462.

Lakini ufukwe huo ulikuwa na wenyewe. Watongwe walikuwa na vijiji na mashamba milimani humo, nao waliondolewa kabla ya hifadhi kutangazwa. Mjukuu wao akitaka leo kulala palipokuwa na uwanja wa babu yake, sharti alipe kiingilio, na siku zake zikiisha aondoke.