Siku tatu ndani ya kipanya cha dada yangu, Sofu

Ukishuka kituo cha Picha ya Ndege ukitokea Dar es Salaam, vijana wa bodaboda wanakuuliza unakokwenda kabla hata mguu wako wa pili haujagusa chini. Nilipowaambia nakwenda Sofu, kwenye gari bovu, mmoja akacheka. "Kwa mama wa kipanya? Panda, anti." Hakuuliza zaidi.

Mama wa kipanya ni dada yangu wa tumbo moja. Tangu Agosti anaishi na mumewe na watoto wao wawili ndani ya Hiace ambayo zamani ilikuwa daladala. Haina injini wala matairi, imekaa juu ya nguzo nne za matofali katikati ya kiwanja chao, na ubavuni bado ina mstari wa rangi na herufi zilizofifia za njia iliyokuwa ikienda. Nyuma yake kuna nyumba ya vyumba vitatu ambayo kwa sasa ni kuta zilizofika usawa wa madirisha.

Nilikwenda kumwona mtoto. Dada alinipigia simu akasema mdogo ana kikohozi kisichokwisha, "si cha kutisha, ila njoo". Kwa dada yangu, asiyependa kusumbua mtu, neno njoo lina uzito wake. Nikaomba ruhusa ya siku tatu kazini.

Kabla hujamhukumu, mzazi mwenzangu, sikiliza hesabu yake. Kimara walikuwa wanalipa 120,000 kwa mwezi kwa vyumba viwili, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kila walipokusanya fedha ya kununua matofali, kodi ilifika ikaibeba. Kiwanja walishakinunua kidogo kidogo, msingi ukasimama mwaka mzima ukiota nyasi. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea. Akasikia gereji moja inauza bodi la Hiace kwa 900,000. Brekdauni ya kulivuta hadi Sofu ilikuwa 180,000. Jumla 1,080,000, yaani kodi ya miezi tisa ya Kimara. Mwezi wa kumi wangeanza kuishi bure.

"Na simenti haiibwi tena," dada aliongeza. Hilo ukilisikia mjini unaweza usilielewe, lakini waliojenga Kibaha wanalijua. Mifuko ikilala kiwanjani bila mtu, asubuhi unakuta nyayo.

Sofu ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani. Kibaha iko kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, na watu waliochoshwa na kodi za jiji wamekuwa wakihamia huku. Ukitembea asubuhi unaona mikorosho na miembe, shamba la mihogo, kisha pagale, kisha nyumba yenye geti la rangi ya dhahabu, kisha pagale tena. Baadhi ya mapagale yana pazia kwenye dirisha moja tu. Hapo ujue familia imehamia chumba kimoja, mengine yatajijenga humo humo. Kwa hiyo jambo analofanya dada si geni. Watu wanashangaa gari, hawashangai mtu kuishi kwenye ujenzi.

Jirani wao ni bibi wa Kizaramo mwenye mwembe mkubwa kuliko nyumba yake. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe ndiye unayeandika magazetini? Waandikie kwamba hapa tunakaa na watu wenye gari." Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Ndani ya gari nilikuta mpango ambao sikuutegemea. Viti vyote vimeng'olewa isipokuwa cha dereva na kimoja cha nyuma yake. Shemeji amechomelea kitanda cha chuma kinachochukua nusu ya nyuma. Chini yake zinakaa ndoo za unga, masufuria, madaftari na nguo za msimu. Chandarua kinaning'inia kwenye kamba iliyopita dari kutoka pembe hadi pembe. Madirisha yanayofunguka yamewekewa wavu wa mbu, na mapazia ni kanga za dada ambazo majina yake naogopa kuyasoma kwa sauti mbele ya watoto. Mpwa wangu mkubwa, aliye darasa la pili, anafanyia kazi za shule kwenye kiti cha dereva, daftari juu ya usukani. Aliniambia, "Mama mdogo, hapa ni ofisini kwangu, piga hodi."

Kitu cha kwanza walichojenga kiwanjani kilikuwa choo, kabla hata gari halijafika. Shimo limefunikwa vizuri, kuna kibuyu chirizi mlangoni na kipande cha sabuni kwenye kamba. Maji wananunua kwa dumu kwa jirani mwenye bomba. Ninaandika habari za afya na nimeona nyumba za vigae ambazo hazina mahali pa kunawa mikono, kwa hiyo hapo nilimpa shemeji maksi zake zote.

Joto ndilo lililowatesa mwanzoni. Bati la gari likipigwa na jua la saa sita, ndani hakukaliki. Joto hupanda ndani ya gari lililofungwa kwa dakika chache tu, na mwili wa mtoto mdogo hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima. Shemeji alipaka paa rangi nyeupe, kisha akasimamisha miti minne na kuezeka makuti juu ya gari zima, akiacha upenyo wa kama nusu mita ili hewa ipite. Tofauti unaisikia ukiweka mkono kwenye dari. Na sheria ya dada ni moja: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hakuna mtoto ndani. Wanakaa kwa bibi, chini ya mwembe.

Usiku wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Mvua ilianza saa mbili usiku, ya upepo, ikiingia kwa ubavuni. Shemeji alikuwa amelala kazini Chalinze. Jiko la mkaa, ambalo kwa kawaida linakaa chini ya kibanda cha bati nje, lilikuwa na maji ya kumkanda mtoto. Kibanda kikaanza kuvuja. Dada akasubiri mkaa ukolee vizuri hadi ukawa mwekundu bila moshi hata kidogo, akalibeba jiko akaliweka ndani, karibu na mlango. Akafunga madirisha kwa sababu ya mvua. Mimi niliona. Naomba hilo lisomeke vizuri: niliona, nikasogeza miguu ili lipite, nikashukuru kwamba ndani kumepata joto. Nimeandika habari kuhusu jambo hili hili angalau mara mbili.

Tukalala. Sijui ulikuwa usiku wa saa ngapi nilipoamka na kichwa kinachogonga, mbele ya kichwa hasa, na kichefuchefu. Nikadhani ni uchovu. Nikamsikia mpwa wangu mkubwa akisema kwa sauti ya kilevi, "Mama, kichwa." Watu wawili kuumwa kichwa kwa pamoja ndani ya gari lililofungwa, na jiko miguuni: hapo ndipo akili yangu ilipoamka kweli. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine. Nikausukuma mlango wa pembeni. Shemeji alikuwa ameuwekea komeo jipya linalofunguka kwa ndani, na kila nikilikumbuka komeo lile namwombea heri. Nikatoa mtoto, nikatoa mkubwa, dada akatoka akipepesuka, tukasimama kwenye mvua. Jiko nililipiga teke likaanguka tope.

Bibi alitusikia. Alikuja na tochi, hakuuliza kitu, akatupeleka kwake wote wanne tukiwa tumelowa.

Dada alirudia neno moja usiku ule: "Lakini halikuwa na moshi." Nimelisikia neno hilo kwa akina mama wengi, na mimi mwenyewe usiku ule nililiamini kwa miguu yangu. Moshi unaouona unawasha macho, unakufanya utoke. Gesi inayoua haionekani wala hainuki. Inaitwa kaboni monoksaidi, na mkaa mwekundu uliokolea unaitoa kwa wingi, hasa mahali pasipo na hewa ya kutosha. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka lakini haibebi kile mwili unachohitaji. Mtu anaanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Aliye usingizini anaweza asiamke kabisa. Watoto hupumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo huivuta haraka kuliko sisi. Chumba cha kawaida angalau kina nafasi juu ya ukuta na chini ya mlango. Gari limetengenezwa lisiingize maji wala vumbi.

Kulipokucha tukaenda kituo cha afya wote wanne. Kabla ya kutoka nilimweka mdogo mapajani, kifua wazi, nikasubiri atulie, nikahesabu kwa dakika nzima jinsi kifua kinavyopanda. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Nilipata 46. Nikarudia, nikapata 47. Kwa mtoto mwenye kikohozi aliye na mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kuhesabu hakuhitaji kifaa, simu unayosomea makala hii ina saa ya sekunde. Ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu, au mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, au ana degedege, au amelegea haamki vizuri, usihesabu, ondoka.

Nimonia, kama nilivyohofia. Mhudumu alimpima na malaria kwa tone la damu la kidoleni, haikuwepo. Akampa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, siku tano, na akamwambia dada arudi siku ya pili au kabla ikiwa hali itabadilika. Kuhusu usiku wetu alituuliza maswali mengi, akatupima, akatuweka hapo mpaka mchana. Kisha akamuuliza dada anapikia wapi siku zote. Dada akasema nje, ila siku za mvua mlangoni. Mhudumu akaandika kitu, hakumgombeza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya vifo vya nimonia na magonjwa kama hayo ya mapafu kwa watoto chini ya miaka mitano vinatokana na kuvuta chembechembe za moshi wa majumbani. Sikumwambia dada takwimu hiyo siku ile, alikuwa ameshalia vya kutosha.

Jioni tulikwenda kwenye kibanda chake cha chakula kando ya Barabara ya Morogoro. Anauza chapati, maharage na supu kwa madereva wa malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo. Huko ndiko wazo la gari lilikotoka. Dereva mmoja alimwambia amekaa kwenye kabini miaka kumi na moja, kitanda nyuma ya kiti, nguo kwenye begi, nyumbani Tanga anaonekana kama mgeni wa Idi. Dada akajiuliza kama mtu anaweza kuishi kwenye kabini inayotembea, kwa nini yeye asiishi kwenye gari lisilotembea.

Nilimkuta dereva mwingine akipika wali pembeni ya tela, kwenye lile sanduku la ubavuni ambamo wanaweka jiko, mafuta na vitunguu. Ilikuwa inanyesha manyunyu. Nikamuuliza kwa nini asipikie ndani. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini samaki asiishi juu ya mti.

"Moto ukae nje, mimi nikae ndani. Hatukai wote ndani, dada."

Dada yangu amewauzia chapati watu hawa kila siku kwa zaidi ya mwaka, na amewaona wakipika nje kwenye mvua. Hakuwahi kuuliza sababu, na wao hawakudhani kuna wa kuambiwa.

Nilimwachia 65,000 niliyokuwa nayo, akaongezea, akanunua jiko dogo la gesi. Tukakubaliana nalo litakaa nje. Shemeji aliporudi hakusema mengi. Alitoboa matundu mawili ya hewa kwenye bodi, moja chini karibu na sakafu na jingine juu, akayawekea wavu, kisha akajenga upya kibanda cha jikoni kwa bati jipya alilokuwa ameliweka kwa ajili ya nyumba.

Wiki iliyopita alinitumia picha. Kuta zimefika kwenye lenta. Mdogo amesimama mlangoni mwa gari akiwa na kipande cha muhogo, mashavu yamejaa. Wanataka kuezeka chumba kimoja kabla ya masika na kuhamia humo. Shemeji anasema gari litakuwa banda la kuku. Mpwa wangu mkubwa amekataa, anasema kuku wakae nyuma, ofisi yake isiguswe.