Niliomba Treni Ishindwe

Nimekata tiketi za basi stendi ya Msamvu, Morogoro, kwa miaka 11, na kwa muda mrefu katika miaka hiyo nilikuwa namwomba Mungu treni ishindwe. Sikuwahi kumwambia mtu. Nasema leo kwa sababu kuna watu wanakaa mezani kupanga reli itakavyofika Tabora, Kigoma na Mwanza, na nilichojifunza dirishani kwangu kinawahusu.

Jiwe la msingi la reli ya kisasa lilipowekwa Aprili 2017 sikushtuka. Nilishtuka nguzo za umeme zilipoanza kusimama upande wetu. Njia ya Dar ndiyo iliyokuwa inanilisha. Dar haikosi abiria: mwanafunzi wa Mzumbe anarudi kwao, mama wa nyanya anafuata hela yake Ilala, mgonjwa ana rufaa ya Muhimbili, mtu kapigiwa simu ya msiba usiku. Mimi nalipwa kwa kila kiti ninachojaza, na watoto wangu watatu wamesoma kwa kiti kimoja kimoja. Kwa hiyo nikisikia treni ya majaribio imesimama njiani, moyo wangu ulikuwa unafurahi. Namwomba Mungu anisamehe furaha ile.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000, safari chini ya saa mbili. Sisi tulikuwa tunapita Chalinze, Mlandizi, Kibaha, nyuma ya malori, mpaka foleni ya Mbezi na Kimara. Siku njema ni saa nne. Foleni ikikaza, mtu anafika jua limezama. Hakuna mpiga debe anayeweza kushindana na hilo. Julai 25 treni ikafika Dodoma kwa shilingi 31,000. Tajiri wetu, mwenye mabasi, akapunguza magari ya Dar, wenzangu wawili wakarudishwa nyumbani, na mimi nikahamishiwa dirisha la Ifakara na Mahenge. Pale stendi lile lilikuwa dirisha la adhabu: gari moja tu, linaondoka alfajiri, kisha unakaa unaangalia ukuta.

Nilikuwa naangalia huo ukuta, kama saa tisa alasiri, alipokuja mama mmoja kutoka Dar. Kitoto mgongoni, begi mkononi, na mfuko wa sandarusi umefungwa kwa kipande cha khanga. Akauliza gari la Mahenge. Nikamwambia limeondoka alfajiri, lingine ni kesho. Hakulalamika. Alikaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya dirisha langu, akamshusha mtoto, akamlaza juu ya begi. Mtoto alikuwa na kiatu kimoja, kingine mama alikuwa amekishika mkononi. Akaniambia, “Kaka yangu, treni imenileta hapa kabla mtoto hajamaliza uji wake. Sasa nakuja kulala kwenye saruji.”

Nilimtafutia mahali kwa shemeji yangu Kihonda, akalala, alfajiri akapanda gari. Lakini maneno yake hayakunitoka. Mimi nilikuwa nimehesabu watu niliowapoteza kwa treni. Sikuwa nimewahesabu watu ambao treni inatuletea, tena wanafika mlangoni kwetu hawana pa kwenda.

Nikanunua kaunta buku. Kila abiria aliyekuja dirishani ametoka kwenye treni na kukuta gari limeondoka, nilimwandika: ametoka wapi, anakwenda wapi, amefika saa ngapi. Ifakara. Mahenge. Malinyi. Mlimba. Wengine hawakuwa hata wa njia yangu, walikuwa wa Turiani au Mvomero, nikawaandika vilevile. Wiki mbili zikajaza kurasa sita. Ukiweka kidole kwenye safu ya saa unaona kitu kinachorudi: hawaji ovyo ovyo, wanakuja kwa mafungu, na kila fungu ni treni moja.

Nikampelekea tajiri. Akasema gari la Ifakara linaondoka alfajiri tangu baba yake yu hai. Ni kweli, na sababu ilikuwepo: zamani abiria wa Ifakara alilala Morogoro hata hivyo, kwa kuwa basi la Dar lilimfikisha usiku. Alfajiri ilipangwa kwa ajili ya mtu huyo, na mtu huyo hayupo tena. Tajiri akageuza kurasa taratibu, mara mbili, akachukua simu. Ratiba ya basi si ya kujiamulia, ina kibali cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kwa hiyo ikaandikwa barua, tukasubiri. Kibali kilipotoka tukaweka gari la pili, linaondoka baada ya treni ya asubuhi kutoka Dar kushusha watu.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya stesheni na karatasi ya manila nimeandika IFAKARA – MAHENGE. Walikuja abiria tisa. Dereva alitaka kuondoka mapema. Nikamwambia subiri, treni iko Ngerengere, ndiyo stesheni ya mwisho kabla yetu. Mwezi haujaisha gari likawa linajaa. Mmoja wa wale wenzangu wawili akarudi kazini.

Wazee wa reli ya kati wanalijua jambo hili la kuunganisha safari kuliko mimi. Treni ya zamani kutoka Dar ilikuwa ikifika Tabora mabehewa yanagawanywa: haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, haya ya Mpanda. Abiria alikuwa na uhakika wa safari mpaka mwisho, hata kama ilimchukua siku mbili. Reli hii mpya inakimbia kilomita 160 kwa saa, nami najivunia hilo kama Mtanzania. Ila ikifika Mwanza, mtu wa Ukerewe anataka meli. Ikifika Kigoma, mtu wa Kasulu na Kibondo anataka gari. Wanaopanga wakae na wenye mabasi na wenye meli sasa hivi, tuta la reli likiwa bado linashindiliwa, waulizane saa. Na treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, isipunguzwe ili ya haraka iongezwe. Mtu wa Gulwe, kati yetu na Dodoma, ile ya haraka anaiona ikipita tu.

Hapa kwetu kazi haijaisha. Treni ya jioni inashusha watu wa Turiani na hakuna gari linalowasubiri. Wenye uwezo wanachukua bodaboda kwa bei ya kuumiza, wengine wanalala stendi. Jana nimewaandika saba, mmoja wao mzee mwenye mkongojo. Kaunta buku ya kwanza imejaa. Hii ni ya pili.